Kabla hujapanda basi: maneno kwa wadogo zangu wanaoenda kusoma sosholojia

Haya ndo niliyosema Jumamosi hapa Ngamiani, Tanga, kwa vijana waliomaliza form six na wenzao wanaoingia chuo mwaka wa kwanza. Nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni, nimeongeza kidogo tu pale ambapo adhana ilinikatisha.

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu mliokaa hapo mbele shikamooni, mama zangu shikamooni, wadogo zangu habari za saa hizi.

Mimi ni mtoto wa hapa hapa, nimekulia kwenye hizi barabara za namba, na nimeitwa niongee na nyie mliochaguliwa sosholojia. Najua mmeshaulizwa. Mwenzako akisema anaenda kusoma udaktari watu wanapiga vigelegele, wewe ukisema sosholojia shangazi anakaa kimya kwanza, anakoroga chai, halafu anauliza kwa huruma kabisa, ndo ile ya ustawi wa jamii? Mjibuni kwa adabu kwamba hapana shangazi, wanapakana ila ni vitu viwili. Wa ustawi anamshika mkono mtoto aliyetelekezwa leo, anamtafutia pa kulala usiku huu. Wa sosholojia anauliza mbona watoto wa namna hiyo wamejaa mtaa huu na mtaa wa pili hawapo, nini kimepita hapa. Tunawahitaji wote wawili, na huyu wa pili kazi yake haionekani haraka, ndo maana shangazi hajamsikia.

Nianze na baba yangu.

Mwanzoni mwa miaka ya 90 baba alipunguzwa kazi kiwandani. Sikitaji kiwanda. Nakumbuka alirudi mchana, kitu ambacho si kawaida yake, ovaroli yake ya bluu kaikunja vizuri kaitia kwenye mfuko wa rambo, akaitundika nyuma ya mlango wa chumbani na pale ikakaa miaka, hakuna aliyethubutu kuitoa, mama akifagia anaipisha. Watu wakaanza. Kalogwa. Mvivu yule, toka zamani. Mkewe ana nuksi. Bibi yangu, Mungu amrehemu, aliuza mbuzi wawili akampeleka kwa mganga, na baba akaenda, kwa sababu hata yeye mwenyewe alishaamini kwamba tatizo liko mwilini mwake, kuna kitu kamkosea mtu, kuna mahali kakanyaga.

Sasa miaka ikapita niko chuo, mwaka wa kwanza, ukumbi umejaa watu mia tatu na feni haifanyi kazi, lekchara anazungumzia Mmarekani anaitwa C. Wright Mills, kitabu cha mwaka 1959. Mills anasema hivi: kwenye mji wa watu 100,000 akikosa kazi mtu mmoja, mwangalie huyo mtu, tabia zake na ufundi wake, lakini kwenye nchi yenye wafanyakazi milioni 50 wakikosa kazi milioni 15, basi usihangaike kumchunguza mmoja mmoja, mlango wenyewe wa kazi umebomoka. Mimi nikaacha kuandika. Nikafungua nyuma ya daftari nikaanza kuhesabu nyumba za kwetu, kuanzia mlangoni kwetu mpaka msikitini, nyumba 11. Nyumba ngapi zilikuwa na mwanaume mwenye ovaroli? Nane. Nane, wadogo zangu. Na wote nane waliitwa wavivu au wamelogwa kila mmoja peke yake, kila mmoja nyumbani kwake, na wote nane walikuwa wanaoneana aibu barazani.

Mwaka ule nilipofunga chuo nikamsimulia baba, kwa Kiswahili, polepole. Hakusema kitu. Kesho yake asubuhi nikaona ovaroli haipo nyuma ya mlango, kaivaa anakata nyasi uani.

Ndo maana mimi mtu akiniambia sosholojia ni maneno matupu siwezi kumsikiliza mpaka mwisho.

Na ukishaanza kuuliza hivyo unaona huwezi kuishia kwenye kiwanda. Unauliza hawa watu wote walikuja kufanya nini Tanga? Angalia tulivyo mtaani, Wadigo, Wabondei, Wasambaa, Wazigua, hao ni wa humu humu mkoani, ila jirani yangu wa kushoto Mmakonde, wa kulia Muha, nyuma kuna Wabena na Wanyamwezi, na wote tunaongea Kiswahili kimoja na kuzikana. Nani kawaleta? Mkonge ndo umewaleta. Mwaka 1893 Mjerumani anaitwa Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida kule Marekani, ikapitia Hamburg, miche 1,000 na iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe upande wa Pangani. Miche 62. Mwaka huo huo ndo reli ilianza kujengwa kutoka hapa Tanga kupandisha bara. Mashamba yakawa makubwa, wenyeji wa hapa wana minazi yao na bahari yao hawana shida ya kukata mkonge, basi watu wakafuatwa mbali, wakaja na namba zao, na ndo hao tukawaita manamba. Mtu kapewa kipande, kadi yenye vijumba vya siku, kila siku ukimaliza kazi kijumba kinajazwa, mpaka vijae 30 ndo ulipwe.

Babu yake rafiki yangu mmoja alikihifadhi kipande chake kwenye kopo la maziwa, nimekishika kwa mkono wangu. Karatasi imekuwa laini kama kitambaa. Kuna vijumba vitatu havijajazwa, na mzee alikuwa anakumbuka kila kimoja, hiki nilikuwa na homa, hiki mtoto kafa, hiki msimamizi kasema mafungu hayajatimia.

Mwaka 1964 nchi hii ilitoa karibu tani 230,000 za katani, yaani nyuzi za mkonge, duniani hakuna aliyetushinda, halafu zikaja kamba za nailoni na bei ikaporomoka, na yaliyofuata mnayajua, korona, ile mitambo ya kusindika mkonge, zikanyamaza shamba moja baada ya jingine. Nyasi zikaota mpaka kwenye reli za trola. Watoto wa wale manamba wakaingia mjini kutafuta kazi viwandani na viwanda navyo vikaja vikafunga. Kwa hiyo ovaroli ya baba yangu ina kamba ndefu nyuma yake. Ukisoma sosholojia vizuri unajifunza kuivuta hiyo kamba mpaka uone imefungwa wapi.

Sasa kitu cha pili, na hiki kiko nyumbani kwenu kila mmoja.

Mama yangu alikuwa na kaunta buku, lile la jalada gumu, la michango. Harusi, ngoma, msiba, hitma, yote humo. Mstari mmoja unasema mama fulani barabara ya 9, mchele kilo 10, doti moja ya kanga, elfu mbili, na pembeni kuna alama ya wino mwekundu maana yake tumesharudisha. Baba alipokosa kazi mimi nikadhani mama ataacha hayo mambo. Hakuacha. Alikuwa anaenda kukopa mchele dukani apeleke kwenye harusi ya watu huku sisi tunakula uji jioni, na mimi nilikuwa namkasirikia kimoyomoyo, naona anajionyesha.

Mwaka wa pili nikasomeshwa maandishi ya Marcel Mauss, Mfaransa, ya mwaka 1925, kuhusu zawadi. Anasema zawadi ina wajibu tatu, kutoa, kupokea na kurudisha, na jamii nyingi zimeshikiliwa pamoja na huo mzunguko, ukikataa kupokea ni kama umetangaza ugomvi. Nikacheka peke yangu maktaba kwa furaha, maana kilikuwa ni kile kile kitabu cha mama. Mama alikuwa hajionyeshi, alikuwa anatuwekea akiba kwenye nyumba za watu. Babu alipofariki sisi tulikuwa hatuna hata sanda, na kabla ya saa nne asubuhi nyumba ilijaa, masufuria, kuni, mchele, mtu kaleta ng'ombe wa kuazima atalipwa baadaye, na mama kakaa kwenye mkeka analia huku shangazi anaandika kwenye kaunta buku ukurasa mpya. Na asiyerudisha, nyie mnajua, hagombezwi na wala hasemwi, ila siku yake ikifika watu wanachelewa.

Leo michango iko kwenye magrupu ya WhatsApp, orodha inatumwa kila siku na jina lako lina alama au halina, watu mia mbili wanaona. Je aibu imeongezeka? Masikini amejitoa? Mchele umeenda wapi, maana siku hizi wanataka pesa tu? Mimi sina jibu hapa mfukoni, ila huo ni utafiti mzuri wa mwaka wa tatu na hakuna wa kuufanya zaidi ya nyie.

Huyo Mauss alikuwa mpwa wake Émile Durkheim, ambaye mtamsikia sana. Mjomba mtu mwaka 1897 alitoa kitabu kuhusu watu kujiua, akachukua jambo la siri kuliko yote, ambalo kila mtu angesema ni la mtu na roho yake, akaonyesha kwamba linapanda na kushuka kwa mpangilio, waliooa na wasiooa hawalingani, Waprotestanti na Wakatoliki hawalingani. Na nani alikaa akapanga kumbukumbu za vifo kama 26,000, umri, jinsia, ndoa, moja moja kwa mkono? Mpwa. Mkiona mjomba anakutuma kazi ngumu mkumbukeni Mauss.

Lakini msije mkadhani elimu hii ni ya Ulaya peke yake. Ibn Khaldun alizaliwa Tunis mwaka 1332, mwaka 1377 akaandika Muqaddima, humo anaeleza asabiya, ule mshikamano wa watu wa damu moja au dhiki moja, jinsi unavyoinua dola na jinsi raha za mjini zinavyoulegeza mpaka dola ianguke. Neno sosholojia lenyewe lilikuja kutungwa na Auguste Comte Ufaransa miaka ya 1830, huku Ibn Khaldun ana zaidi ya karne nne kaburini Cairo. Na hata Tanga tumo. Kule Amani, juu Muheza, alikuwepo Mwingereza wa kituo cha utafiti wa kilimo, Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege kwelikweli, lakini alisikiliza watu wanavyotaniana akaandika juu ya utani wa Tanganyika, mwaka 1944 ikachapishwa, na wakubwa wa fani wakawa wanabishana kuhusu utani wetu. Mtu wa ndege alisikia kitu ambacho sisi tunakifanya msibani kila wiki na hatujawahi kukaa tukajiuliza kwa nini mtani anaruhusiwa kulala kaburini mpaka apewe hela.

Nyie mtakaosema mimi jamii yangu naijua nimezaliwa hapa, nawaambia mapema, umeizoea tu. Nitawapa mfano wangu.

Mwaka wa tatu nilifanya risechi yangu Makorora, hapa hapa mjini. Nina barua ya utambulisho ya chuo, nimepita mkoani, wilayani, kwa mtendaji wa kata, kwa mwenyekiti wa mtaa, kila mtu kagonga muhuri, nimetoka na dodoso langu nimelipigia pasi kabisa. Nikafika kwa mama mmoja anakaanga mihogo kibarazani, chachandu pembeni, mafuta yanalia. Swali la kwanza, mkuu wa kaya ni nani? Akasema baba watoto. Yuko wapi? Mombasa. Toka lini? Akamnyooshea kidole kijana wake aliyekuwa anamenya mihogo, akasema huyu alikuwa bado ananyonya. Kijana yupo darasa la nne. Mimi nikaandika mkuu wa kaya mwanaume, nikaendelea na swali la pili, mpaka la arobaini, nikaaga.

Usiku sikulala vizuri. Kesho yake nikarudi, bila dodoso, nikanunua mihogo nikakaa kwenye kigoda. Nikamuuliza kodi ya chumba analipa nani. Mimi. Mtoto akiumwa usiku nani anaamua aende hospitali ya Bombo. Mimi. Ada ya madrasa, sare, maji. Mimi, mimi, mimi. Nikamuuliza kwa upole, sasa mama mbona jana uliniambia mkuu wa kaya ni baba watoto? Akaitoa mihogo kwenye mafuta, akaifunika kwa sinia, akaniangalia, akasema, mwanangu, nikisema ni mimi si nitakuwa nimeshamwacha?

Nililia njia nzima kurudi nyumbani. Na pale ndo nilijua hii fani ni ya kazi gani. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchi hii, kila kaya imeulizwa mkuu wake nani, na kila namba imepita kwenye mdomo wa mtu amekaa kibarazani na jambo lake moyoni. Sisemi namba ni uongo, naziheshimu sana. Nasema inabidi awepo mtu anayejua namba ilivyozaliwa.

Kwa hiyo msikimbie takwimu. Nawajua, mmetoka michepuo ya sanaa, HGL na HKL, mnasema mimi na hesabu tumeachana form four. Rudianeni. Nimeona watu wenye akili wamekamata sapu, mtihani wa marudio, mwaka wa pili kwa sababu ya takwimu tu, wengine wamekeri, yaani wamelibeba somo, mpaka mwaka wa tatu, na wengine wamelipia mtu wa steshenari awafanyie uchambuzi kwenye kompyuta, siku ya kutetea risechi wakaulizwa hii namba maana yake nini wakatazama dari. Kaa na mwenzako wa uchumi akufundishe, mpikie.

Na madesa, zile noti za kurithishana. Chuo kina madesa ya kila kozi, yamepigwa kopi mpaka herufi zimekufa, Mills kaandikwa Mils, Durkheim hata simtaji. Utapata hata B kwa madesa. Lakini utatoka miaka mitatu imekwisha hujawahi kusoma sura nzima ya kitabu wala kukaa na mtu kwenye kigoda, na mkopo wa Bodi utaulipa kwa pesa ile ile kama aliyesoma. Nalisema hili kwa uchungu maana nimefundisha semina, nimesahihisha karatasi sabini zenye sentensi moja ile ile na kosa moja lile lile.

Suala la lugha ni zito kuliko mnavyolichukulia. Utasomeshwa kwa Kiingereza, utaandika kwa Kiingereza, lakini mihogo inakaangwa kwa Kiswahili. Ukirudi hosteli na maneno ya yule mama, usiyageuze haraka. Yaandike kwanza kama alivyoyasema, na kigugumizi chake na pale alipofunika sinia, ndo baadaye utafute maneno ya mtihani. Sisi tuna kaya, familia, nyumba, ukoo, mlango, tumbo moja, ziwa moja, kila neno lina mpaka wake, ukiyatia yote kwenye neno moja la kigeni umeshawachanganya watu waliokuamini. Jina lake pia usiliandike. Mtaa wetu mdogo, ukisema tu muuza mihogo wa karibu na kisima kila mtu kashamjua, badilisha na hilo.

Kuhusu ajira sitawadanganya mbele ya wazazi wenu, ni ngumu. Wapo waliopata uafisa maendeleo ya jamii halmashauri, wapo kwenye mashirika, wapo waliokaa nyumbani miaka mitatu na vyeti kwenye bahasha. Ila angalieni pale Chongoleani. Bomba la mafuta ghafi linatoka Hoima Uganda mpaka hapa kwetu, kilometa 1,443, na popote bomba au barabara inapopita kuna shamba, kuna mnazi uliopandwa na marehemu, kuna kaburi. Nani atajua shamba ni la mume, la mke, au la ukoo? Fidia ikiandikwa jina moja, wengine saba wanaolilima watakula wapi? Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini kabla, na kwenye timu lazima awepo mtu anayejua kuuliza watu. Nataka siku hiyo anayeshuka kwenye gari awe ni mmoja wenu, anayejua kuvua viatu, anayejua kwamba ukimkuta mzee barazani huanzi na karatasi.

Bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, likitoka nunueni mchele kwanza. Hilo nimetumwa na mama zenu.

Vyuo havijafunguliwa, mna wiki kadhaa mko nyumbani. Nawapa kazi. Kila mmoja achague mzee mmoja, wa nyumbani au wa jirani, amuulize alifikaje Tanga, au kama ni mwenyeji, wageni wa kwanza aliwaona lini. Usimuulize maisha ya zamani yalikuwaje maana atakwambia yalikuwa mazuri na mtaishia hapo. Muulize siku ya kwanza alishukia wapi, alilala kwa nani, alikula nini usiku ule, nani alimfundisha neno la kwanza la Kiswahili. Akinyamaza nawe nyamaza, usimjazie. Akisema hili usiandike, weka kalamu chini aone umeiweka.

Ijumaa ijayo baada ya alasiri mimi nitakuwepo hapa hapa, leteni tusomeane. Kaunta buku ziko kwa mama yangu pale mlangoni, mojamoja kwa kila mtu, na kurasa mbili za mwanzo kaomba muziache wazi, anasema daftari huwa linaanzia ndani kidogo.